Kijana wa Koti Jeupe

Nyumbani kwetu, kijijini Kingi, mgeni akifika alipewa kwanza kiti, kisha maziwa, kisha albamu ya picha. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuiangalia. Ilitua mapajani mwake, na mama akakaa kuliani kwake kumfungulia kurasa, maana hakumwamini mtu mwingine kuzishika. Mgeni alikunywa, akasifu, akauliza huyu ni nani na yule ni nani, hadi wakafika ukurasa wa kati. Hapo mama aliangalia mlangoni, akijifanya hana haja ya kusikia mgeni atasema nini. Ukurasa ule ulikuwa na picha moja tu, ya baba.

Ilipigwa pale Masisi katika miaka ya themanini, baba akiwa kijana ambaye hajaoa. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, maghorofa matatu na ziwa la bluu lisilo na mtumbwi hata mmoja. Amevaa koti jeupe lenye mabega mapana hadi kichwa kinaonekana kidogo. Kola iko wazi bila tai, maana siku zile tai zilikuwa zimekatazwa nchini. Ana miwani nyeusi, nywele zimechongwa njia upande mmoja, na begani amebeba radio kaseti ya spika mbili, kubwa kuliko mtoto anayetambaa. Midomo imefunguka kidogo, mtu angedhani anaimba. Kwenye mkono mmoja wa koti, kifungo kimoja hakipo.

"Hiyo koti njo ilifanya nikakubali kuolewa," mama alikuwa akimwambia mgeni, mgeni akiisha kusifu vya kutosha. Kisha alisimulia. Baba alimletea picha hiyo kabla hata hajathubutu kumsalimia vizuri. Mwezi wa arusi ulipofika, mama akauliza koti liko wapi, akajibiwa kwamba limeuzwa ili apate kitenge na viatu vya arusi. "Mwanaume aliuzisha koti yake juu yangu," mama alimalizia, na hapo ndipo mgeni alipoletewa chakula.

Mimi baba niliyemjua alivaa sweta iliyotoboka viwiko. Alinuka mbao, alipenda maharagwe yaliyolala, na akiketi baada ya kazi alisinzia na kijiko mkononi. Nilikuwa nikimtazama yeye, kisha nikienda kuitazama albamu, na kwa kweli niliona nimepunjwa. Nilizaliwa miaka ile inaishia, nikawakuta watu wamekwisha kucheza na viti vimerudishwa ukutani. Yule kijana wa koti walimfaidi wengine.

Kosa ni la mama, kwa namna alivyosimulia. Kwa maneno yake, miaka ya themanini haikuwa na mvua. Kila Jumapili baada ya misa vijana walikusanyika kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko, na muziki ulitoka kwenye radio iliyofungwa na nyaya kwenye betri ya gari. Kila sahani mpya ya muziki kutoka kwa orkestra za Kinshasa ilikuja na mtindo wake wa kucheza, na kijana aliyerudi kutoka Goma akiwa ameujua mtindo mpya alipewa heshima kuliko mwalimu. Wasichana walifunga nywele kwa uzi mweusi hadi zikasimama wima, na walilala kifudifudi wiki nzima ili zisipinde. Ukimpenda mtu, uliandika barua kwenye radio ili wamsomee jina kabla ya wimbo. Barua ilichukua wiki nyingi. Mama anasema mara nyingi wimbo ulifika wakati wawili wale wamekwisha kugombana, wakausikiliza kila mtu kwao, wamenuna.

Na picha pia zilitaka subira. Mpiga picha alisubiri hadi filamu iishe, kisha akaituma Goma, na ilirudi pale dereva alipokumbuka. Kwa mwezi mzima kijana alitembea akijua kwamba mahali fulani, ndani ya bahasha, yeye ni mzuri.

Baba alikuwa mpasuaji wa mbao. Alikwenda kwenye misitu ya upande wa Walikale, karibu na Kashebere, akakaa miezi miwili, akarudi na mafuta ya mawese na vidonda vya mikono. Safari yake ya mwisho aliondoka nikiwa na miaka kumi. Aliniwekea kiganja kichwani, akaniambia nisikubali mbuzi waingie kwenye mahindi. Hata sikunyanyuka kumsindikiza, nilikuwa nimenuna kwa sababu ambayo siikumbuki tena.

Wiki tatu baadaye vita ilifika Kingi. Tulikimbia asubuhi, mama na sufuria na jembe, mimi na blanketi. Tulipofika kwenye mikaratusi mama aliniambia nisimame, akarudi nyumbani akikimbia, na risasi zilikuwa tayari zinalia upande wa pili wa kilima. Nilidhani amesahau chumvi. Aliporudi alikuwa ameshika ukurasa mmoja, ameung'oa katikati ya albamu. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Nilimwambia tungeweza kufa, na yeye akajibu tu: "Beba blanketi."

Tulifika Mweso pamoja na watu wengi. Familia moja ilitupatia jikoni kwao tulale, na mchana tulilima mashamba ya wengine kwa kulipwa maharagwe. Barabara ya kwenda upande wa Walikale ilifungwa, ikafunguliwa wiki moja, ikafungwa tena. Habari za wapasuaji mbao zilitufikia kwa vinywa vitatu. Wa kwanza alisema wote waliuawa msituni. Wa pili alisema walikimbilia mbali zaidi, wakavuka mto. Wa tatu alisema kuna mmoja alionekana Kashebere akiuza ndizi. Mama alizisikiliza zote, akawashukuru wote, na hakuchagua hata moja. Lakini nilimwona anavyokaa akitazama moto. Tulichotaka kujua kilikuwa kitu kimoja tu: baba ni mzima au hapana.

Jumapili mchana, wengine wakiwa bado kanisani, mama alitoa picha kwenye plastiki ya sukari alimoifunga. Hatukuwa na mgeni wa kumwonyesha, basi mimi ndiye nikawa mgeni. Alinisimulia upya ukumbi nyuma ya soko, betri ya gari, uzi wa nywele. Halafu alinifundisha kucheza. Jikoni palikuwa padogo, na alipiga hatua katikati ya mafiga bila kuyagusa, mikono ikizunguka, akiimba Kilingala ambacho nusu yake hakukielewa. Alikuwa bado na kiuno chepesi. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na ilikuwa ajabu kwangu kucheka hivyo. Hata leo, arusini, wanapopiga zile nyimbo za zamani, wazee wananiuliza nilijifunzia wapi mitindo ya umri wao. Ninawajibu kwamba nilijifunzia jikoni kwa watu.

Katika kukaa kule, baba alianza kunitoka. Sauti ilikwenda kwanza. Kisha sikukumbuka tena anatembeaje. Uso sikuogopa kuupoteza, maana nilikuwa nao kwenye plastiki. Nilimtazama yule kijana kila Jumapili, nikajua kila kitu chake, nikampenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwenye sweta. Wakati mwingine, kabla sijapata usingizi, nilipanga tutakavyokutana naye: amesimama barabarani, koti jeupe, radio begani. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba ni upuuzi. Nilipanga hivyo hivyo.

Misimu minne ya mvua ilipita. Kisha malori ya wafanyabiashara yakaanza tena kupita, na mama akasema tunakwenda kumtafuta. Mwenye nyumba alimwambia angojee kidogo. "Nimengojea," mama alisema.

Tulikwenda kwa miguu. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu, maana mama alipowauliza watu sauti ilimkwama, na mimi sikuwa na haya. Nilisimama mbele ya mtu, nikainua picha, nikasema: "Samahani, munamujua huyu muntu?"

Na hapa ndipo pabaya: kila mtu alimjua. Mama mmoja aliyeuza ndizi aliitazama kwa kufumba na kufumbua, akasema, "Huyu? Namujua sana. Ni shemeji yangu," akatuelekeza juu ya kilima. Tulipanda mpaka jua likawa kichwani, tukamkuta mzee mrefu asiye na sikio moja, ambaye hakuwahi kuwa mume wa mama yangu. Katika kijiji kilichofuata watu watatu walimtambua kwa pamoja, kila mmoja akamtaja kwa jina tofauti. Mama alianza kufurahi kwamba mume wake ni maarufu. Mimi nilianza kuchoka na vilima.

Siku ya pili tulielekezwa kwa muuza maziwa, mtu mfupi wa umri wa baba, aliyekuwa ameegesha vibuyu vyake kando ya barabara. Nilimwonyesha picha. Aliishika kwa mikono miwili, uso ukamlegea.

"Hii foto yangu mulitosha wapi?" aliuliza, akitaka kujua tulikoitoa.

"Ni ya baba yangu," nilisema.

"Hapana, mwanangu. Ni miye. Angalia koti. Angalia radio. Iliungua pamoja na nyumba yangu, sikufikiri nitaiona tena."

Mama alimnyang'anya. Wakaanza kugombana pale barabarani, yule mtu akisisitiza ni yeye, mama akimwambia ajitazame urefu wake. Mwishowe aliomba aione mara moja tu zaidi. Aliisogeza karibu na macho, ambayo nadhani hayakuwa mazuri, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli," alisema. "Miye nilibeba radio ku mukono ya kuume. Munisamehe, mama." Lakini hakuirudisha mara moja. "Niache nimushike kidogo. Tulikuwa bazuri, eh? Hata hatukujua."

Mama alimwacha. Tulikaa naye chini, akatupa maziwa, akaizungusha picha juani akimsifu mume wa mtu mwingine kwa upole mwingi, na mimi nikatamani angekuwa ni yeye kweli, ili safari iishe. Tulipoondoka mama alitembea akiwaza. Kisha akapata jibu. "Huyu njo alinunuaka ile koti," alisema. Alitosheka kabisa na jibu hilo.

Tulipita Kingi bila kukaa. Mabati ya nyumba yetu yalikuwa yameondolewa, na ndani, pale albamu ilipokuwa ikilala juu ya kabati, mtu alikuwa amepanda maharagwe. Yalikuwa yamestawi. Mama aliyatazama kama mkulima, akasema wamepanda karibu mno, tukaendelea.

Masisi, katikati ya mji, tuliingia dukani kununua chumvi. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye rozari shingoni, mzaliwa wa Butembo, aliyefika Masisi akiwa msichana kumfuata kaka yake mfanyabiashara. Nyuma yake, juu ya masanduku ya sabuni, ukuta ulikuwa na picha za familia. Nilikuwa bado natafuta pesa kwenye fundo la kitenge nilipomsikia mama akivuta pumzi.

Ukutani kulikuwa na wanaume wanne, kila mmoja kwenye picha yake. Wote wana koti jeupe. Wote wana miwani nyeusi na radio begani. Ndege ni ile ile, ziwa ni lile lile, na kwenye mkono wa koti, kwa wote wanne, kifungo kimoja hakipo.

"Hii koti baliitosha wapi?" mama aliuliza, na sauti safari hii haikukwama hata kidogo.

"Ile?" Mama wa duka aligeuka, akacheka. "Ile ilikuwa ya fotografe, mama. Alikuwa na chumba hapa pembeni. Miye njo nilikuwa namufulia kila siku ya posho, mbele Jumapili ifike, juu vijana balikuwa banaijaza jasho."

"Ya fotografe."

"Ya fotografe. Koti, lineti za macho, radio, vyote. Ile radio haikuwa na kitu ndani, aliitosha matumbo ili isiwe na uzito. Na koti ilikuwa kubwa, alikuwa anaifunga na pini ku mugongo. Vijana ba hapa bote baliivaa. Angalia: huyu ni bwana yangu, huyu kaka yangu, hawa babili ni mashemeji."

Mama alikaa juu ya gunia la chumvi. Nilitoa picha yetu kwenye plastiki, nikaiweka mezani, mama wa duka akaangalia akatikisa kichwa kwa furaha, kwamba ndiyo, ndiye huyo, koti lenyewe. Alitaka kujua baba yuko wapi. Nilimweleza. Akaacha kucheka.

"Aliniambia aliuzisha koti yake juu ya arusi yetu," mama alisema polepole, akitazama sakafu.

"Wangu alisema waliiiba," alijibu mama wa duka. Alizunguka meza, akakaa naye kwenye gunia, akamshika mkono. "Miye nilijua ni uongo, nilikuwa nafua mwenyewe hiyo koti. Nilimuacha aseme. Ungependa akuambie nini?"

Mama alichomoa mkono wake. Alisimama, akashukuru, akatoka. Alisahau chumvi, nikamkimbilia nayo. Alitembea kwa hasira barabara nzima ya mji, kitenge kinapigapiga miguu, na mimi nyuma yake nilianza kulia, kwa sababu niliona kila kitu kimeharibika. Nilidhani atageuka kurudi Mweso. Kwa nini umtafute mtu siku zote hizi kwa miguu, kama hata kile ulichompendea kilifungwa kwa pini mgongoni? Mimi mwenyewe nilimkasirikia baba. Kijana wangu alikuwa ameazimwa.

"Tunarudi?" nilimuuliza.

Alisimama ghafla hadi nikamgonga.

"Turudi wapi? Zamani nilikuwa namutafuta tu. Sasa njo namutaka kabisa! Miaka yote hii ananiona mujinga. Hawezi kufa bila kuniambia. Lazima aishi, unasikia? Lazima aishi aniambie."

Kisha akalia yeye pia, mbele ya watu, kilio kikubwa cha mtu aliyejizuia misimu minne. Tulilia pamoja kando ya barabara, na waliopita walitupa pole bila kuuliza ni ya nini. Alipomaliza, alipenga kamasi, akafunga kitenge upya, na kutoka hapo sikuweza kumfikia kwa mwendo.

Vilima vikaisha, msitu ukaanza. Hewa ikawa nzito na ya joto. Asubuhi ya siku ya tano tuliingia Kashebere, na mwanamke wa kwanza niliyemwonyesha picha, aliyekuwa akianika muhogo, ndiye pekee katika safari nzima aliyesema hamjui. "Hapa hakuna muntu wa kuvaa vile," alisema. Lakini wapasuaji mbao wako. Wengine walitoka vilimani kabla ya vita, wakakwama. Akatuonyesha njia inayovuka kijito na kuingia mitini, na kweli, tuliponyamaza, tulisikia msumeno.

Kwenye kijito mama alisimama. Alisema anataka kunawa. Alikuwa amebeba mafuta kidogo kwenye kichupa tangu Mweso, na kitenge kimoja ambacho hakuwa amekivaa njiani. Kifuniko cha chupa kikamshinda. Nilimfungulia. "Tangulia uulize," aliniambia. "Kama hayuko, urudi uniambie taratibu."

Nilikwenda na picha mkononi. Palikuwa na gogo kubwa lililolazwa juu ya shimo, na watu wawili wanalipasua kwa msumeno mrefu. Mmoja, kijana, alisimama juu ya gogo akiuvuta juu. Wa pili alikuwa shimoni akiuvuta chini, na unga wote wa mbao ulimwangukia yeye. Nilimwita yule wa juu. Alinyoosha kidole chini, akasema: "Uliza mukubwa. Yeye njo anajua batu ba zamani."

Msumeno ukasimama. Nilichuchumaa kwenye ukingo wa shimo. Aliyekuwa mle alikuwa wa manjano mzima kwa unga, nywele, ndevu, hata kope. Alikuwa mwembamba, akakohoa kabla ya kuinua kichwa. Nilimwinamishia picha.

"Samahani, papa. Unamujua huyu muntu?"

Alifuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kuipokea. Nilikuwa nimezoea watu waliosema "namujua" hata sijamaliza swali. Huyu aliitazama, akageuza nyuma, akatazama mbele tena. Nilianza kuchoka, nikataka anirudishie niende kwa wengine.

"Mwenye hii foto," aliuliza mwishowe, bila kuniangalia, kwa sauti ya kukwaruza, "alikufia wapi?"

Sikumwelewa: mwenye picha ni mama. "Hajakufa," nilisema. "Mama iko ku mutoni, ananawa uso."

Aliteleza kwenye ukuta wa shimo, akakaa juu ya unga wa mbao na miguu mbele kama mtoto. Alipumua kwa mdomo. Kisha akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na weye ni mutoto wa nani?"

Nilimtajia jina langu. Alilirudia polepole, akilipima, na kwa namna alivyolitamka, jina ambalo mtu mmoja tu alilitamka hivyo, ndipo nilipojua. Nilikuwa nimemwonyesha baba yangu uso wake mwenyewe, nikamuuliza kama anamjua. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sidhani nitaiona tena. Nilikuwa nimeitazama sana ile picha hata ikamla. Yule mwenye sweta iliyotoboka, aliyesinzia na kijiko, nilimwacha apotee kwa sababu nilikuwa na mwingine mzuri zaidi kwenye plastiki. Nilitaka kumwambia anisamehe, lakini nikabaki nimechuchumaa.

Yule kijana aliruka chini akamsaidia kupanda. Wakati huo mama alikuwa ametokea kwenye njia, uso unang'aa mafuta, kitenge kizuri kimefungwa. Alisimama. Siku mbili alikuwa amepanga maneno yake, nilimsikia akiyafanyia mazoezi akitembea. Alimsogelea, akamtazama toka juu hadi chini, akachukua pembe ya kitenge, akaanza kumtoa unga masikioni.

"Uliniambia uliuzisha ile koti," alisema.

"Niliogopa utanikataa."

"Ningekukataa."

"Najua," baba alisema.

Mama akampiga kifuani kwa kiganja, mara moja, unga ukaruka. Kisha akaweka kichwa pale alipopiga.

Mimi nilisimama mbali kidogo. Sikujua pa kuweka mikono. Kwa misimu minne nilikuwa nimekua haraka, nilikuwa karibu kumfikia mama kwa urefu, na kule Mweso walikuwa wameninyoa kwa sababu ya ugonjwa. Baba alinitazama juu ya bega la mama, hakuacha kunitazama.

"Unisamehe," aliniambia, na ni mimi niliyekuwa nataka kusema hivyo. "Kila siku ya soko nilikuwa nasimama ku barabara. Batu balikuwa banapita, miye naangalia mama mwenye kushika mutoto kwa mukono. Mutoto wa kimo hii." Akashusha kiganja, akakiweka hewani karibu na kiuno chake. "Sikujua. Pengine mulipita, nikawaacha mupite."

Kiganja kilibaki pale hewani, kimefunguka, kikielekea chini. Nilimwendea, nikasimama karibu nacho. Kilinifikia mbavuni. Alikitazama, akanitazama, akaanza kukipandisha polepole, akipita bega langu, sikio langu, hadi kikafika kichwani. Akakiacha hapo.